Bonde Lisilo na Mbuzi

Nakumbuka siku moja ya ugenini, mwanangu, na leo unapofunga mizigo yako nitakusimulia, upende usipende. Ulikuwa mgongoni mwangu, hata meno hujaota. Baba yako alikuwa amefuata bidhaa Bunagana, mpakani na Uganda, akatuacha Goma kwa mwenyeji wetu Mama Zawadi, muuza vitenge. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na volkano ilikuwa imeumwagia moto mwaka uliotangulia. Mimi, mtu wa Kigoma, nilichoka kukaa ndani. Nikamwomba anitembeze.

Tulipita kwanza juu ya mawe meusi yaliyofunika mitaa. Nyumba zilizosalia zilitokeza nusu tu, watu wakiingilia madirishani kana kwamba ndivyo zilivyojengwa. Kisha tukapanda gari hadi lile ziwa la kijani nje ya mji, lililo ndani ya shimo la volkano ya kale. Nikalitazama, nikaridhika. Tukirudi barabarani kwa miguu, asubuhi bado ina ubaridi na upepo umetulia, Mama Zawadi akakutana na mteja wake, wakaanza mazungumzo yasiyoisha.

Mgongo uliniuma. Chini kidogo ya njia palikuwa na kibonde chenye nyasi laini. Juu yake, mbuzi walikuwa wakigombania vijiti vikavu, na hakuna hata mmoja aliyeshuka. Niliwacheka kwa ujinga wao. Nikashuka mimi.

Palikuwa kimya. Si panzi, si nzi. Ndege mdogo alilala nyasini, mabawa mazima, macho wazi. Nikatandika kanga, nikainama kukulaza, pumzi ikanikatika. Nikadhani ni uchovu. Ulinitazama, kisha ukaacha kurusha miguu.

Mama Zawadi alishuka mbio. Alikunyakua, akakuinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akapanda nawe, nami nikimfuata nikipepesuka. Hukulia. Shingo yako ililegea, midomo imebadilika rangi. Akakupuliza usoni, akakupuliza tena. Niliogopa, mwanangu, kama sijawahi kuogopa. Ndipo ukalia, kilio kikali mpaka mbuzi wakageuka.

Baadaye akawasha kiberiti, akashuka kidogo, akakiteremsha hadi magotini. Moto ukazimika, na upepo haupo.

"Ni mazuku," akasema. "Hewa mubaya ya volkano. Mutu akisimama, inamuacha. Akilala, inamubeba. Mama moja alikimbia vita ku Masisi na batoto yake, akafika hapa mangaribi, akaona majani muzuri. Balilala. Asubui hakuna mwenye aliamuka."

Nilimuuliza kwa nini hakunionya. Akasema pale kila mtu anajua, hata mbuzi. Alisahau kwamba mgeni hajui.

Sasa nawe unakwenda nchi ya watu na mwanao mgongoni. Ukiona mahali pazuri ambapo wenyeji wamepaacha, usiwaone wajinga kama nilivyowaona wale mbuzi. Simama, uliza, ndipo ukae. Usione haya kuuliza. Na wewe ukipata mgeni, mwambie hata lile unalodhani kila mtu analijua.

Mungu akutangulie njiani, akupe wenyeji wenye macho kama ya Mama Zawadi. Na akujalie mtoto wa kelele, alie mpaka majirani walalamike. Ukinipigia simu nikamsikia analia, nitalala vizuri.