Dairekta Asiyeonekana

"Mama Apua, kama kaka yako kweli ni dairekta, gari lake liko wapi?" Agot alimuuliza jirani yake Nawoi. Pale Kakuma, dairekta ni mkubwa wa shirika mwenye gari jeupe. Nawoi akamweleza kwa upole kwamba Erupe huongoza sinema na michezo ya televisheni.

"Basi nionyeshe."

Nawoi akafungua albamu ambamo Erupe alibandika vipande vya magazeti na picha za kazi yake yote. Padri wa Lodwar alikuwa amekubali kuziweka katika maktaba ya misheni, ili watoto wa Turkana wamjue mtu wao. Wakaona waigizaji, ngamia, hata mpishi. Erupe hakuwemo katika picha hata moja, maana siku zote alisimama nyuma ya kamera.

"Huyu mpishi ndiye dairekta," Agot akaamua. "Tazama tumbo."

Erupe aliporudi likizo mwaka huo wa 1997, Nawoi alimsimulia jinsi mpishi alivyopewa cheo chake. Erupe hakucheka. Alisema, "Dada, kabla padri hajazifungia albamu zangu kabatini, nitafutie mtu anipige picha moja."