Kitendawili cha Wambui

Siku yangu ya kwanza kazini mwalimu mkuu alinikabidhi chaki na onyo. "Wewe fundisha Kikuyu, basi. Hapana leta siasa." Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, katika shule moja ya kati upande wa Kinoo. Nilimshuku papo hapo. Mzungu aliyetaka watoto wetu wajue Kikuyu siku zile alikuwa anatafuta nini?

Shule ya kati, enyi walimu wa sasa, ilikuwa darasa la tano hadi la nane. Wanafunzi wangu walizaliwa mjini, karibu na ofisi walikofanya kazi baba zao. Kikuyu walikisikia, ila kukizungumza ilikuwa taabu, mara wanakimbilia Kiswahili. Vitabu vilikuwa haba, basi nikabuni njia yangu. Kila mtoto alete kitendawili kutoka nyumbani, atege kwa "Gwata ndai!", darasa liitikie "Ndagwata!", kisha aseme amefundishwa na nani. Nilitaka wazee wao wapate heshima.

Mwalimu mkuu akaanza kuja kuketi nyuma ya darasa. Alikuwa amekulia kwenye shamba la walowezi, Kikuyu anakisikia vizuri. Alitusifu mno, na sifa zile hazikuniingia.

Siku moja Wambui wa darasa la sita alitega kitendawili kilichotushinda sote.

"Umefundishwa na nani?" nikauliza kwa mazoea.

"Na baba."

"Lini?" mwalimu mkuu akadakia.

"Jana, bwana."

Tulijua baba yake alikuwa anasakwa na askari tangu mvua zilizopita. Nikapiga meza kwa kiganja.

"Mwongo mkubwa wewe! Hicho nilikufundisha mimi, hapa hapa! Toka! Nenda nyumbani sasa hivi, usirudi bila mama yako!"

Akatoka mbio. Mwalimu mkuu akawageukia wanafunzi waliobaki. "Kweli, mwalimu nafundisha yeye?"

"Ndiyo, bwana!" wakaitikia wote, hata wale niliowadhania kuwa masikio yake.

Askari walikwenda nyumbani kwao Wambui hata hivyo jioni ile. Walikuta jiko lingali na moto, watu hakuna.

Nilihamishiwa Dagoretti, kisha karibu na Adams Arcade, nikafundisha mpaka nikastaafu. Vitendawili sikuviacha, lakini lile swali la mwisho nililifuta kabisa, na mgeni akiketi nyuma nilifundisha hesabu. Wambui hakurudi shuleni. Mpaka leo inaniuma, maana sijui kama alielewa kwa nini nilimfukuza, au alilia njia nzima kwa kuitwa mwongo na mwalimu wake, naye alikuwa amesema kweli.