Graciete wa Mlangoni

Graciete Falcão alizijua nyumba zote za muziki za Coimbra, mji wa chuo kikuu nchini Ureno, kwa upande wa nje. Alianza akiwa na miaka saba, akimfuata baba yake, fundi magitaa Abílio, aliyepeleka kazi zake kwa wateja zikiwa zimeviringishwa kwenye blanketi. Baba aliingia, mtoto akabaki nje. Ndivyo alivyoligundua dirisha lililo usawa wa miguu ya wapita njia, ambalo nyuma yake mtu alikuwa akifanya mazoezi ya nyuzi. Ua wa nyumba ya wanafunzi kule kilimani, ambako nyimbo zilitokea jikoni pamoja na harufu ya kabichi. Na ngazi za kanisa kuu la kale, ambako vijana wenye majoho meusi waliimba fado, nyimbo za majonzi za Kireno, na wasichana wakasikiliza. Fado ya Lisboni huimbwa na yeyote mwenye koo. Ya Coimbra ni ya wanaume waliosoma chuo. Hakuna mahali lilipoandikwa jambo hilo, na hakuna aliyeona haja ya kuliandika.

Nyumbani aliimba. Abílio alipomaliza gitaa alihitaji mtu wa kuimba ili asikie linavyoibeba sauti, na mtu huyo alikuwa Graciete. Kwa miaka ishirini na miwili kila gitaa lililotoka katika karakana ya baba yake lilipimwa kwa koo lake. Walionunua hawakuambiwa.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa na bado alikuwa mlangoni, ila safari hii kwa mshahara. Ukumbi ulikuwa wa Horácio Seabra: ghala la zamani la chumvi karibu na mto, viti arobaini, onyesho saa kumi na mbili jioni. Horácio aliitwa Daktari, kama wanavyoitwa Coimbra wote waliomaliza chuo, hata asiyejua kufunga bandeji. Graciete alichana tiketi na kuwapa wageni maelezo yake mafupi.

"Hapa hatupigi makofi. Wimbo ukikugusa, jikohoze. Hivi."

Akawaonyesha. Wageni wakacheka, wakajaribu, wakajiona wamekuwa wenyeji.

Kwa miaka kumi na mmoja Horácio alikuwa akimwahidi kwamba ataimba. "Siku yako inakuja, Dona Graciete," alisema, kila alipomwomba abaki kupanga viti.

Zulmira, mwenye mkahawa wa jirani, hakuwa na huruma.

"Imefika?"

"Nini?"

"Siku yako. Mimi nasubiri meno yangu ya bandia, wewe unasubiri siku. Tuone nani atatangulia."

"Niache, Zulmira."

"Shoga, yule bwana anakutaka mlangoni. Ukiimba, mlangoni atakaa nani? Mama yake?"

Alhamisi moja ya mwezi wa Machi, saa kumi na nusu, mwimbaji alipiga simu akinong'ona. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Viti vyote vilikuwa vimeuzwa, na Alhamisi safu ya mbele ilikuwa ya wazee wanne wa chuo, wakiongozwa na Valadares, jaji mstaafu. Kijana aliyeimba mbele ya Valadares bila kumsikia akijikohoza alirudi nyumbani akiwa na mengi ya kufikiria.

"Nitaahirisha," Horácio alisema.

"Nazijua zote, Daktari."

"Najua unazijua."

"Basi?"

"Leo Alhamisi, Dona Graciete. Ingekuwa siku nyingine..."

Tomé, mpiga gitaa, alikuwa akikaza nyuzi pembeni. "Daktari, huyu mama anazijua kunishinda. Ule ubeti wa tatu unaonichanganya, ni yeye anayenionyesha kwa midomo kutoka kule mlangoni. Ulidhani nakumbuka?"

Horácio aliitazama saa ya ukutani, akatazama viti, akakubali kwa kichwa.

Zulmira aliushika mlango akiwa na aproni yake. "Msipige makofi, jikohozeni, haya ingieni, na miguu mfute," aliwaambia wageni.

Graciete alisimama wanaposimama wanaume, amevaa sweta yake ya kijivu. Joho hakupewa, na hakuuliza. Gitaa la Tomé lilikuwa kazi ya Abílio. Alijua mahali litakapomsubiri na mahali litakapomwacha peke yake. Hakuiinua sauti ili ipendeze. Aliimba kama alivyokuwa akiimba karakanani, kwa mtu anayesikiliza kasoro, na kasoro haikutokea. Hakuwa mtu wa kujidanganya. Alijua.

Wimbo ukaisha. Kule nyuma mgeni mmoja alijikohoza, akafuata wa pili, kisha safu nzima, kwa utiifu, kama walivyoelekezwa.

Ndipo Valadares alipoinua mikono na kupiga makofi. Wenzake watatu wakamfuata. Yalikuwa makofi ya adabu, ya kipimo, kama anayopigiwa meya akimaliza hotuba. Wageni wakakatisha vikohozi vyao, wakatazamana, wakadhani wamekosea. Nao wakapiga makofi kwa nguvu zote.

Graciete aliinama kushukuru. Angefanya nini?

Baada ya onyesho jaji alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Sauti nzuri, Dona Graciete. Nzuri sana. Baba yako angefurahi."

"Basi mbona makofi, Daktari?"

"Ah. Ile ilikuwa... kitu kingine. Kizuri, lakini kingine. Unanielewa."

"Sikuelewi."

Mzee alitabasamu kwa upole kabisa, akaomba koti lake. Kwa mazoea, Graciete akamletea.

Horácio alimngoja jaji aondoke. "Nimepata wazo," alisema. "Jumatano. Yale mabasi ya watalii. Watakupenda, na wale hawajui tofauti."

"Tofauti ipi?"

Alijifanya hakusikia. "Tutatangaza 'Nyimbo za Ureno'. Neno fado tuliache, kwa ajili ya wazee."

"Mwambie akaimbe mwenyewe!" Zulmira alisema kutoka mlangoni. "Graciete! Mwambie!"

Graciete alikuwa na maneno hayo mdomoni, na mengine makali zaidi. Lakini miaka hamsini na tisa ni mingi kwa koo. Likibaki na mitano ni bahati.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tisa, wakitoka kula. Utawapokea kwanza, kisha utapanda jukwaani."

Zulmira alivua aproni, akaikunja, akaenda zake bila kuaga.

Mwandiko mzuri pale ukumbini ulikuwa wa Graciete. Aliufuta ubao wa nje, akaandika kwa chaki: *Nyimbo za Ureno. Jumatano.* Chini yake akaandika *Mwimbaji*, akaweka nukta mbili.

"Jina si lazima," Horácio alisema nyuma yake, kwa sauti ya upole.

Graciete akalifuta neno hilo kwa kiganja, akaandika saa tisa.