Kilo Tatu Zilizozidi

Soko zima la vitu vilivyotumika lilimwita mama huyu Mizani, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kwa miaka kumi na minne alinunua vyuma chakavu, na katika miaka hiyo alikuta mchanga ndani ya mabomba, mawe ndani ya masufuria yaliyopondwa, na siku moja pande zima la zege lililopakwa rangi ya chuma. Tangu hapo, ukimwambia leo Jumanne, anatafuta kalenda. Alipohamia biashara ya viti vya watoto vya kufunga kwenye gari, alihama na mizani yake ya kuning'iniza, akaitundika kwenye boriti ya duka, na tabia zake akaja nazo vilevile.

Kiti hakikuingia dukani mpaka akivue kitambaa. Alitafuta nyufa kwenye plastiki, akauliza kama gari kilimotoka limewahi kugongwa, na akijibiwa haraka mno hakununua. Lebo ya uzito aliisoma, kisha akapima mwenyewe.

Asubuhi moja akaingia dalali wa nyumba, viatu vinang'aa, amemshika mkono binti yake wa miaka minne. Mchana huo walikuwa wanasafiri kwenda kwa bibi wa mtoto, safari ya saa sita nzima barabarani, na mama mtoto alikuwa ameapa kwamba binti haondoki bila kiti. Dalali akaenda moja kwa moja kwenye kiti kikubwa kuliko vyote, cheusi, chenye mito ya pembeni na kishimo cha kuwekea chupa. Akakibonyezabonyeza kama anachagua godoro, akasema hicho ndicho.

Mizani akauliza mtoto ana kilo ngapi. Kumi na nne, dalali akajibu, bila hata kumtazama mtoto mwenyewe. Machale yakamcheza Mizani. Kila baba aliyeingia dukani mle alikuwa na mtoto wa kilo kumi na nne.

Akamkalisha binti kwenye kiti kilekile cheusi, akamfunga, akapitisha kamba, akamwita mdogo wake aliyekuwa nyuma anashona vitambaa, wakavuta pamoja. Binti akaning'inia hewani anacheka. Mshale ukasimama kwenye thelathini na mbili. Kikiwa kitupu, kiti kile kilikuwa na kumi na tatu.

"Mtoto ana kumi na tisa," Mizani akasema. "Hizo kumi na nne zako ni za mwaka gani?"

Wakatoka hadi kwenye gari. Akadai kijitabu cha gari, nacho kikapatikana chini ya risiti za mafuta. Akafungua buti, akamwonyesha dalali kulabu mbili: ile ya kufungia mizigo, ambayo wengi hukosea wakaitumia, na ile yenyewe ya kushika mkanda wa juu wa kiti cha mtoto, unaozuia kiti kisiruke mbele gari likifunga breki. Kijitabu kilisema kulabu hiyo mwisho wake kilo ishirini na tisa, mtoto na kiti kwa pamoja. Dalali alikuwa anadhani kinachohesabiwa ni mtoto peke yake.

"Mama, si kilo tatu tu hizo," akasema. "Unga wa wiki."

"Gari likifunga breki ghafla, hizo tatu hazibaki tatu."

Wakarudi ndani. Mizani akamtolea kiti cha kijivu, kilo saba, hakina mito ya mbwembwe, bei yake nusu ya kile cheusi. Pamoja na mtoto, ishirini na sita. Hapo ndipo Mizani alipoharibu, kwa kutaja bei ndogo. Dalali alikigeuza juu chini, akakinusa, akaomba kuona tarehe, akaoneshwa, akaitilia shaka tarehe. Alikuwa mtu wa kazi ile: mwenye nyumba akishusha bei, ujue paa linavuja au wenye hati wako wawili. Akauliza tangu lini mfanyabiashara akamkataza mtu cha bei kubwa ili amuuzie cha bei ndogo. Mizani akamweleza tena, pole pole, akaongeza kwamba mtoto akiongezeka kilo tatu, arudi waangalie upya.

"Ahaa," dalali akasema. "Kumbe mtego uko hapo. Nirudi." Akaingiza mkono mfukoni. "Nifungie cheusi, mama, tumalizane."

Mizani angeweza kukataa. Lakini jirani wa ng'ambo ya njia alikuwa na kiti cheusi kama hicho hicho, na jirani hakupima kitu isipokuwa sura ya mteja. Akamtazama binti, aliyekuwa anaomba kuning'inizwa tena. Saa sita barabarani. Akakivuta kiti cha kijivu, akakirudisha nyuma ya meza yake.

"Sawa, chukua cheusi," akasema, amepoa kama aliyepoteza hamu. "Na hiki uniwie radhi, bei niliyokutajia nilikosea. Kinakizidi hicho cheusi. Ulivyokikataa umeniokoa."

Mkono wa dalali ukaganda mfukoni. "Kinakizidi kwa nini?"

"Wepesi unalipiwa, ndugu yangu. Basi, tuachane nacho."

Dalali hakuachana nacho. Akasogea mezani, akadai kwamba bei ni ile iliyotajwa kwanza, akalalamika, akaondoka mpaka mlangoni, akarudi. Mizani akakaza, akashusha kidogo, akakaza tena. Walipopeana mikono, cha kijivu kilikuwa kimefika bei ya cheusi, na dalali alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ulitaka kunificha," akamwambia.

Mizani akakifunga kiti mwenyewe, akachomeka mkanda wa juu kwenye kulabu iliyo sahihi, akakaza mpaka kiti kikagoma kutikisika. Gari likaondoka.

"Dada, umemuuzia kwa bei mara mbili," mdogo wake akasema.

"Kwa ile bei ya kwanza angekwenda kununua cheusi kwa jirani."

Kwenye kona gari likasimama. Dalali akashuka, akatazama nyuma dukani, akafungua buti, akauvuta ule mkanda mara mbili kwa nguvu zake zote.

"Yule bado hatuamini sisi," mdogo mtu akasema.

"Na asituamini," Mizani akajibu, akaenda kukitundika cheusi juu kabisa, mahali ambapo mteja hafiki bila kuomba ngazi.