Gari Hupimwa Likiwa Macho

Mjomba wangu alinunua gari la otomatiki kwa sababu ya mguu. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mkono ulirudi baada ya miezi ya kukandwa na kunyooshwa, mguu haukurudi. Alitembea akiuburuta, na fimbo mkononi, na fimbo yenyewe aliichukia kiasi kwamba aliisahau kusudi kila alipokaa. Gari lake la zamani lilikuwa la klachi. Klachi inataka mguu wa kushoto, na mguu wa kushoto ndio uliokuwa umejiuzulu. Akaliuza, akaagiza kutoka Dar es Salaam gari kubwa la fowili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kuukuu lakini zima, lenye pedali mbili tu. Lilipoteremshwa bandarini Kilindoni aliliendesha mwenyewe mpaka Utende, mimi nimekaa pembeni yake. Tulipofika akazima injini, akanipigapiga gotini.

"Mjomba," akasema, "nimerudi."

Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, mjomba kwa mjomba. Yeye ni kaka wa mama yangu, wa mwisho aliyebaki. Mkaza mjomba alikwisha kufariki, watoto wake wawili, mmoja yuko Tanga na mwingine Maskati, na katika nyumba ile ya mawe yenye vyumba vitano alikuwa akilala kimoja. Mimi ni fundi. Natunza magari na jenereta la hoteli moja ya wageni hapa Utende, na kabla ya hapo nilikuwa miaka mingi kwenye malori ya Kilindoni. Hapakuwa na mjadala nani atalitunza gari la mjomba. Nilijitangaza mwenyewe kabla sijaulizwa.

Sasa niseme nililokuwa silisemi: otomatiki sikuwa naijua. Malori yote niliyoyafungua na kuyafunga yalikuwa ya klachi. Gia boksi ya lori ni chuma kwa chuma, ukiitegea sikio itakwambia inaumwa wapi. Otomatiki inaishi kwa mafuta. Mafuta ndiyo yanayosukuma, ndiyo yanayoshika, ndiyo yanayopoza, na yakipungua, gia haina cha kushikia. Haya nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba mafuta yake ni mekundu kama juisi ya rozela, na kwamba yana stiki yake ya kupimia, ndefu, imejificha nyuma ya injini. Kuuliza sikuuliza. Ningemuuliza nani, na mimi ndiye niliyezoea kuulizwa?

Wiki ile ya kwanza mjomba aliniambia jambo. Ilikuwa asubuhi, anapuliza kikombe cha kahawa ya tangawizi, na maneno yakija vipande vipande kati ya pumzi.

"Yule aliyeniuzia kanambia mafuta ya gia yasipimwe gari limelala. Yapimwe likiwa macho. Limeshapata moto, na injini inanguruma."

Nikacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, au ndivyo ninavyojiambia, lakini nilicheka. Fundi aliyenifundisha kwenye malori alikuwa na amri moja iliyozidi zote: gari hupimwa limelala. Asubuhi, kabla halijawashwa, mafuta yameteremka na kutulia, ndipo unachomoa stiki. Mtu anayepima huku injini inanguruma tulikuwa tukimcheka wiki nzima.

"Mjomba," nikamwambia, "muuza magari kazi yake kuuza. Haya niachie mimi."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye fundi."

Hakulisema tena.

Basi ikawa hivi. Kila siku, kabla ya kwenda kazini, nilipitia kwake. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mjomba, umeamkaje?" Nikifungua boneti huku naongea, nikipima mafuta ya injini, nikipima maji, nikichomoa ile stiki ndefu, nikiipangusa, nikiirudisha na kuichomoa tena. Mafuta yako kwenye alama. Mwanzo yaliipita kidogo, baadaye yakatulia juu yake, wala hayakuwahi kushuka chini. Kisha naingia ndani, nakuta ameshachemsha kahawa na vikombe viwili viko mezani, na vitumbua alivyoletewa na jirani vimefunikwa kwa kawa. Tulikuwa tukikaa robo saa, pengine nusu. Akinieleza habari za shamba lake la minazi la Ndagoni mti kwa mti, huu umezaa, ule umeliwa na chonga, yule mdudu wa minazi. Nilikuwa nikimsikiliza kwa sikio moja, la pili liko kwenye saa. Hilo nalo linanisumbua.

Gari lile lilimpa mjomba kila kitu. Alikwenda Ndagoni atakapo, kwenye ile njia ya mchanga, peke yake. Ijumaa aliswali Kilindoni, akarudi na wazee watatu nyuma, anawashusha mmoja mmoja mlangoni kwao. Lakini lililompendeza kuliko yote lilikuwa kuvuta boti. Alikuwa na tela, na watu wa Utende wenye boti za faiba walimwomba awatolee majini boti zinapotaka kusuguliwa na kupakwa rangi. Alikuwa akivaa kofia yake nzuri kwa kazi hiyo. Anarudi kinyumenyume mpaka tela linazama, boti inaelea juu yake, inafungwa, naye anakanyaga mafuta taratibu na kutoka nayo, maji yakichuruzika kila upande. Watu wanampigia makofi. Mtu aliyekuwa akiinuliwa kitandani mwaka uliopita, sasa ndiye anayewainulia wenzake boti.

Dalili zilikuja, wala hazikujificha. Kwanza pale gari linapolala mchanga ulianza kuwa na doa. Nikalichimba kwa ncha ya kiatu, nikalifukia. Halafu mafuta kwenye stiki yakaacha wekundu, yakawa rangi ya chai. Nikajiambia ndivyo mafuta yanavyozeeka, na kiwango kiko kwenye alama, basi hapana neno. Kisha siku moja mjomba akaniambia, "Leo gari limenifikiria kabla ya kuondoka."

"Limekufikiria vipi?"

"Nimetia gia, likanyamaza kidogo. Kama mtu uliyemwomba kitu. Ndipo likaenda."

Nikamwambia ni ubaridi wa asubuhi. Wiki nyingine nikamwambia ni mchanga. Nilikuwa na jibu la kila kitu siku zile.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, maji yamejaa mpaka karibu na minazi, ndiyo saa nzuri ya kutoa boti. Jirani mmoja alikuwa na boti nzito, ya injini mbili. Mjomba akarudi nyuma, boti ikafungwa, akaanza kuvuta. Gari lilitoka kama urefu wake mara mbili, kisha injini ikapandisha sauti na gari likakaa palepale. Akazidi kukanyaga mafuta. Sauti ikazidi, magurudumu hayakuzunguka hata kidogo, na harufu ya kuungua ikatufikia sote tuliosimama pale.

Nikakimbilia boneti. Injini ilikuwa bado inanguruma, na kwa kuwa maji yalikuwa yakipiga tela sikukumbuka amri yangu ya kulipima limelala. Nikachomoa stiki. Ilikuwa kavu. Nchani tu palikuwa na utando mweusi. Nikamwambia mjomba azime. Watu wakaanza kuifungua boti ili wairudishe majini, nami nikasubiri wamalize, kisha nikachomoa stiki tena. Mafuta yalikuwa kwenye alama, kama kila asubuhi.

Nilielewa palepale. Gari likiwa macho, mafuta yako kazini, yamepanda ndani ya gia, na kinachobaki chini ndicho kipimo cha kweli. Likilala, yote yanateremka na stiki inalowa mpaka juu. Mimi kwa miezi na miezi nilikuwa nikisoma mafuta yaliyolala. Yalikuwa yakivuja tone baada ya tone, nami kila asubuhi nalithibitishia gari kwamba ni zima.

Mjomba akatoa kichwa dirishani. "Vipi, fundi?"

Watu kama kumi walikuwa wananitazama. Nikaifuta ile stiki kwenye suruali, haraka, nikairudisha mahali pake.

"Limechoka, mjomba. Gari lenyewe la zamani. Limechoka."

Aliitazama suruali yangu, kisha akanitazama mimi. "Limechoka," akaitikia.

Wanaume wakalisukuma mpaka kwenye udongo mkavu, naye ndani yake ameshika usukani kwa mikono miwili, kofia imenyooka, anawashukuru mmoja mmoja. Mimi nilisukuma kwa nyuma, ambako hanioni.

Kama ningekomea hapo, labda ningejisamehe. Kukosea kila fundi anakosea. Siku chache baadaye mjomba aliniuliza kama haifai tumwite fundi wa otomatiki kutoka Dar, aje aifungue gia atazame. Nikamwambia haina maana, gia za namna ile zikifa zimekufa. Nilisema uongo, na nilijua kwa nini nasema. Fundi wa otomatiki angefungua mara moja tu, akanusa, akauliza nani alikuwa analitunza gari hili. Jina langu Utende nzima lilikuwa ni fundi. Nikachagua jina, na mguu wa mjomba wangu nikauacha.

Gari likawekwa chini ya mkorosho, kuku wakaanza kutaga ndani. Mjomba alijaribu bodaboda mara mbili. Mtu wa kumnyanyua mguu na kuuvusha upande wa pili, mtu wa kumshika kiuno. Mara ya pili aliporudi alisema inatosha. Ndagoni hakwenda tena. Walioangua nazi walimletea, akawauliza habari za mti huu na ule, nao wakamjibu tu kwamba shamba liko salama. Ijumaa akawa anaswali msikiti wa hapahapa, na siku moja nikiwa nimekaa nyuma yake nilimsikia mzee mmoja akimuuliza gari limeishia wapi.

"Limechoka," akajibu. "Mpwa wangu kafanya kila alichoweza."

Nilitoka kabla ya wengine, viatu mkononi.

Asubuhi nikaacha kupitia. Sikuamua siku moja. Kwanza nikajiambia hakuna tena boneti ya kufungua, kisha nikawa napitia siku moja moja, kisha Ijumaa tu, kisha nikawa natuma salamu kwa mtu. Ilikuwa rahisi zaidi kutomwona. Hotelini wakaleta gari la otomatiki la kuvutia boti, nami nikalitunza vizuri sana, sasa nikiuliza kila kitu bila haya. Nalipima likiwa macho. Nabadilisha mafuta kabla hayajawa rangi ya chai. Likivuta kwenye mchanga namwambia dereva atumie gia ya chini, na akimaliza aliache lipoe. Wananisifu. Kila stiki ikiniunguza vidole namkumbuka mjomba, na bado ilinichukua miaka miwili kwenda kumwambia.

Nilikwenda siku ya pili ya Idi. Nilimkuta barazani, amevaa kanzu nyeupe, fimbo iko karibu naye. Safari hii hakuwa ameisahau. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema yote bila kupumzika: stiki, alama, suruali, fundi wa Dar. Nilikuwa natazama sakafu.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nilikuwa ndani, nachemsha kahawa. Kila asubuhi nasikia boneti inafunguliwa, nasikia inafungwa. Injini siisikii."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Si nilikwambia? Ukacheka." Alisema bila ukali. "Nikaona nikikwambia mara ya pili utanuna. Wewe nakujua tangu mdogo, ukinuna huji. Nami nilikuwa napenda uje."

Akachezea kichwa cha fimbo, kisha akaongeza, kama mtu anayemalizia hesabu ndogo, "Gari likafa, nawe hukuja vilevile."

Siku hizi nakwenda kila asubuhi. Kahawa nachemsha mimi, kwa sababu kiharusi kilimrudia mwaka huu, wiki chache baada ya Idi ile, na ule mkono wa kushoto umeondoka tena, na wa kulia unatetemeka. Namshikia kikombe. Ananieleza habari za minazi ya Ndagoni kama ilivyokuwa alipoiona mara ya mwisho, mti kwa mti, nami nasikiliza kwa masikio yote mawili. Nimeshazungumza na fundi wa Dar, yuko tayari kuja, anasema gia inatengenezeka. Gari litapona, hilo silitilii shaka. Mjomba hatalishika tena usukani. Miaka iliyokuwa imembakia ya kuliendesha ilikuwa ile miwili niliyokaa bila kumwambia, na mimi ndiye niliyeiegesha chini ya mkorosho.