Waliokuwepo

Mume wangu Wubishet hawezi kuona kitu kisicho na jina akakiacha. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa stoo ya vipuri vya malori kule Kaliti, na alipostaafu akaihamishia stoo nyumbani. Wiki ya kwanza tu nikakuta amebandika karatasi kwenye kopo langu la chumvi: CHUMVI. Nikamwuliza, "Baba Mahder, miaka yote hii ulidhani naungia nini mchuzi?" Akasema ni kwa ajili ya wageni. Wageni gani wanaoingia jikoni kwangu kutafuta chumvi, sijui mpaka leo.

Kisha Mahder, binti yetu, akamwekea kwenye simu programu ya kuandikia kumbukumbu. Alidhani anamsaidia, maskini. Baba mtu alikuwa amejipa kazi ya kuandika ukoo wake kabla wazee hawajaisha wote. Kazi ya maana, sikatai. Kwetu mtu haoi wala haolewi mpaka vizazi saba vimehesabiwa pande zote mbili, na vijana wa Addis siku hizi ukimwuliza mtu babu wa babu yake anakwambia ngoja nimpigie mama.

Basi akaanza. Lakini programu ile, kabla hujaandika neno lolote, inakuwekea vijisanduku pale juu: tarehe, mahali, mada, lebo. Na ukitaka unaongeza vya kwako. Loo, ungemwona! Akaongeza msemaji, umri wa msemaji, tarehe yetu, tarehe ya Wazungu, mtakatifu wa siku, hali ya hewa, umuhimu, waliokuwepo. Lebo akazitia rangi: kijani upande wa baba, njano upande wa mama, zambarau kwa waliogombania mashamba. Programu ilipoukataa mwezi wetu wa kumi na tatu, ule mfupi wa siku tano, akaninunia mimi siku mbili nzima.

"Umeandika nini leo?" nikawa namwuliza jioni.

"Leo nimepanga."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa napanga namna ya kupanga."

Miaka minne ikaenda hivyo. Mwaka huu akatokea Yidnekachew, fundi wa lifti. Mahder alikwama kwenye lifti ya ofisini kwao saa nzima, na kijana huyu ndiye aliyemtoa. Tangu siku hiyo binti yangu anaimba akiosha vyombo, na mimi sina la kuongeza. Kijana ana adabu, anakula ninachopika na kuomba tena.

Jumapili baada ya misa wazee wake watatu wakaja kuleta posa. Wakasimama mlangoni, wakakataa kukaa, kama inavyopasa, mpaka mume wangu alipowabembeleza mara ya tatu. Mimi na Mahder tulikuwa jikoni na kahawa, pazia limeachwa wazi kidogo. Kiongozi wao, Mzee Kinfe, akaanza kuhesabu ukoo wa kijana, jina kwa jina, kwa vidole. Alipofika la sita akasema, "Habtewold wa Bulga."

Mume wangu akashtuka. Wa sita kwetu naye ni Habtewold wa Bulga.

"Kama ni mtu mmoja," Mzee Kinfe akasema taratibu, "hawa watoto ni ndugu. Tutaomba radhi, tutaondoka."

Mahder akanishika mkono.

"Subirini!" mume wangu akasema, akatoa simu kwa mbwembwe zote. "Habari za Habtewold alinieleza shangazi yangu Yeshimebet, Mungu amrehemu, kabla hajatutoka. Zote zimo humu."

Akatafuta kwa lebo ya kijani, zikaja mia tatu na arobaini. Akatafuta kwa tarehe. Lakini kalenda yetu iko nyuma ya ile ya Wazungu kwa miaka saba na ushei, na yeye alikuwa akiandika mara hii, mara ile, kwa hiyo mambo ya alasiri moja yalikuwa yametupwa pembe mbili. Wazee wakanywa kikombe cha kwanza. Wakanywa cha pili. Mume wangu akaanza kutokwa jasho jembamba.

"Hii hapa!" Akasimama, akasoma kwa sauti ile ya stoo. "Msemaji: Yeshimebet Engida. Umri: tisini na moja. Mahali: Debre Birhan, sebuleni. Tarehe: ishirini na moja Tikimt, siku ya Mariam. Hali ya hewa: baridi, upepo. Mada: Habtewold, alikotoka na watoto wake. Umuhimu: mkubwa sana. Waliokuwepo: mimi na msemaji. Hakuna mwingine."

"Endelea," Mzee Kinfe akasema.

Mume wangu akasukuma kidole. Akasukuma tena. Chini ya vijisanduku vyote vile kulikuwa kweupe pe.

"Nilipanga," akasema, "kuyaandika baadaye."

Sasa niseme ukweli. Siku ile sebuleni kwa Shangazi nilikuwepo. Nilikaa na jiko la mkaa mbele yangu nikikaanga kahawa, huku yeye akichagua rangi ya lebo, mpaka Shangazi akamchoka, akanigeukia mimi na kunisimulia yote. Ningeweza kusema tangu Mzee Kinfe alipolitaja jina. Sikusema. Nilijiambia, miaka minne nimemcheka peke yangu, leo na wengine wacheke. Ndivyo nilivyo. Lakini aliposoma "hakuna mwingine", kicheko chote kikaniishia. Niliumia, wala sifichi. Na Mahder akauachia mkono wangu, akaenda kukaa juu ya gunia la nafaka ya tefu, akajifunika uso kwa aproni.

Nikabeba birika ya kahawa, nikatoka.

"Wazee wangu, mniwie radhi. Baba Mahder, siku ile ulikunywa kahawa vikombe vitatu. Ilijimimina yenyewe?"

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Habtewold wetu," nikasema, "alikuwa fundi wa matandiko ya nyumbu. Nyumbu alimpiga teke, akapoteza jicho la kushoto. Alizaa mtoto mmoja tu, wa kike, Askale, ndiko tunakotoka sisi. Mkewe alifia uzazini, naye hakuoa tena, akaenda kuwa mtawa. Ninyi mmetokea kwa mtoto gani?"

"Tesemma," akajibu Mzee Kinfe. "Mwanamume."

"Basi wenu ni yule Habtewold wa pili, wa ng'ambo ya mto. Alikuwa na watoto tisa na macho yake yote mawili. Shangazi alisema huyo walimwita Mla Kondoo, maana harusi moja alimmaliza kondoo mzima peke yake."

Mzee Kinfe akajipiga paja. "Haki ya Mungu, ndiye! Mpaka leo kijijini wanatutania kwa jina hilo!"

Jikoni nikasikia vigelegele vya mtu mmoja, vimechanganyika na kilio. Nikawamiminia wazee kikombe cha tatu, cha baraka, na mambo yakaisha kama yalivyotakiwa kuisha.

Wageni walipoondoka mume wangu akaja jikoni, akasimama karibu na kopo la chumvi. Akaninyooshea simu. Kwenye kijisanduku cha waliokuwepo alikuwa amefuta "hakuna mwingine", akaandika: Aselefech. Pembeni ya jina langu kulikuwa na lebo nyekundu ambayo sikuwahi kuiona.

"Nyekundu ni ya nini?"

"Anayejua," akasema kwa sauti ndogo. "Iko moja tu."

Moyo ukanilainika, mwanamke mjinga mimi. Kisha nikasukuma kidole chini. Bado kweupe pe.

"Baba Mahder."

"Naam."

"Kaa." Nikamsogezea kigoda. "Andika: Habtewold alikuwa fundi wa matandiko ya nyumbu."

Akakaa. "Na hali ya hewa ya leo, niitie?"

Nikamkata jicho. Akaandika.