Paka Aliyeachiwa Fundi Makochi

Mtaani walimwita Fundi Makochi, na kwa miaka arobaini hakuna aliyemuuliza jina jingine. Kibanda chake cha kazi kiliegemea ukuta wa nyumba yake, hatua kumi na mbili kutoka kitandani. Makochi yaliletwa yamebonyea, yamechanika, mengine yamelaliwa na wagonjwa mpaka yakashika umbo lao. Aliyavua kitambaa, akatoa sponji lililooza, akafunga springi upya. Vimisumari alivishika mdomoni, kumi kumi, akivisogeza kwa ulimi kimoja kimoja. Mtu mwenye misumari mdomoni hazungumzi. Ukimsalimia, "mm." Ukimwambia mvua inakuja, "mm."

Mkewe alizoea. Alikuja na kigoda chake, akakaa mlangoni pa kibanda, akaongea sehemu yake na ya mumewe.

"Mimi nimeolewa na ng'ombe," alikuwa akimwambia fundi saa, jirani wa kibanda cha pili. "Kazi kutwa, na jibu lake ni mm."

Fundi saa alicheka. Fundi Makochi naye alicheka, kwa pua, asije akameza msumari.

Paka alikuwa wa mkewe: jike la kijivu, nene, lenye tabia ya kunolea kucha kwenye kitambaa kipya. Fundi alimpa jina la Mkwe, kwa sababu alikaa ndani bila kazi, akala kabla ya wenzake, na akamtazama mwenye nyumba kama anayemkagua.

"Huyu Mkwe wako ananiharibia kazi."

"Anakutafutia kazi," mkewe alijibu. "Mshukuru."

Kisha mkewe akaugua, na haikuchukua muda. Siku za mwisho sauti ilikuwa imebaki kidogo, na kidogo hicho alikitumia kwa mambo mawili: baba na binti wasigombane, na paka asitolewe nyumbani. "Umtunze," alisema. Siku hiyo mdomo wa fundi haukuwa na kitu. Alisema, "Nitamtunza."

Baada ya mazishi binti yao alitaka kumchukua paka.

"Baba, wewe na huyu paka hampatani tangu zamani. Nipe mimi."

"Nimeahidi."

"Hata anakula nini hujui."

"Nitajifunza."

Na alijifunza. Alijua saa ya kula, na kwamba maji ya jana hayagusi. Mwezi wa pili Mkwe alianza kulala miguuni pake. Fundi hakusogeza miguu hata ilipokufa ganzi.

Kitu kimoja kilichomshinda kukizoea ni mlango wa chumba cha zamani cha binti yao. Ndimo mkewe alimoweka chungu cha ua jeupe alilonunua miaka miwili nyuma. Tangu siku hiyo mlango ulifungwa. "Umeacha wazi," mkewe alimwambia kila alipopita. "Funga." Fundi alidhani anatunza usafi, binti akija kulala akute pazuri. Sasa aliingia mwenyewe kumwagilia. Ndani ya chungu palichomekwa kadi ndogo yenye maandishi. Hakusoma shule, aliipangusa vumbi akairudisha ilivyokuwa.

Jumapili moja alikuta matumba matatu ya maua yamevimba, karibu kupasuka. Alisimama pale na kopo la maji. Ua la mkewe lichanue peke yake, nyuma ya mlango uliofungwa, bila jicho la mtu? Moyo ulimkatalia. Alibeba chungu mpaka sebuleni, akakiweka kwenye meza ya dirishani.

Jumatatu asubuhi yalikuwa yamefunguka, makubwa, meupe, midomo wazi kama tarumbeta, na katikati nyuzi zenye unga wa njano. Alikunywa chai akiyatazama. Ilikuwa mara ya kwanza chai kuwa na ladha tangu msiba.

Mchana Mkwe alimfuata kibandani, bega limechafuka njano. Fundi alimpangusa kwa kiganja. Sponji kuukuu likisagika hutoa vumbi la namna hiyo, na siku hiyo alikuwa amevunjavunja makochi mawili. Lililobaki kwenye manyoya paka alilirambaramba mwenyewe.

Jioni alitapika. Fundi alifuta. Paka hutapika.

Jumanne hakula. Alijibanza nyuma ya kiti cha marehemu, kichwa ukutani. Fundi aliinama akamtazama, na akaona ameelewa. Yeye mwenyewe huzuni ilimchelewea. Siku ya mazishi alikuwa mkavu. Wiki tatu baadaye aliokota chanuo la mkewe chini ya kitanda, akashindwa kula siku mbili.

"Leo imekufikia," alimwambia paka. "Pole, Mkwe."

Hakufungua kibanda. Alisogeza bakuli la maji karibu, na Mkwe alikunywa sana, kisha akaacha. Fundi alikaa sakafuni kando yake, mgongo ukutani, na kwa kuwa paka hakatishi mtu maneno, alizungumza. Alimsimulia jinsi msichana mmoja alivyomletea kiti kilichovunjika mguu, akaja kukifuata, akakirudisha wiki ya pili kimevunjika mguu mwingine. Walipokwisha kuoana ndipo alipokiri kuwa ule wa pili aliuvunja mwenyewe kwa nyundo ya baba yake. Fundi alicheka mwenyewe sakafuni. Hakula, na paka hakula, na hilo aliliona kama usawa.

Ilikuwa siku nzuri. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote: katika miezi ile hakupata siku nzuri kuliko ile, na Mkwe alikuwa anakufa ndani yake.

Jumatano fundi saa aligonga kujua mbona kibanda hakifunguliwi. Alimchungulia paka kwa ile miwani yake ya kazi.

"Anaomboleza," fundi alisema. "Muache."

"Huyu anaumwa, mzee mwenzangu."

"Wewe ni daktari wa saa."

"Ndiyo. Na saa ikisimama sisemi ina huzuni. Inuka tumpeleke."

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa rika la binti yake. Alimlaza Mkwe kwenye meza ya bati, akamminya tumbo polepole, akavuta ngozi ya shingo na kuitazama inavyochelewa kurudi.

"Mzee, nyumbani mna maua?"

Fundi aliyaeleza, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Daktari aliweka kalamu chini.

"Hilo ni yungiyungi. Kwa paka lote ni sumu: jani, ua, ule unga, hata maji yake. Linaua figo. Ule unga ulimwona nao lini?"

"Juzi. Mchana."

"Na akaurambaramba."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ungemleta siku ile ile tungempigania." Alisema kwa upole, na fundi angependelea afokewe.

Walimtundikia dripu. Fundi alipewa benchi kwenye ukumbi, na hapo likamjia. Mkewe yuko mlangoni pa kibanda, juu ya kigoda, siku ile ua lilipoletwa. Anaongea, kidole kikielekea ndani ya nyumba. Muuza maua kasema hivi. Kadi imeandikwa hivi. Kwa hiyo kile chumba kifungwe, umesikia? Na yeye amepiga goti mbele ya kochi, nyundo mkononi. Maneno ya katikati hayakumbuki hata moja. Analokumbuka ni jibu lake.

Alikaa pale hadi walipofunga, akijiuliza katika miaka arobaini ni mangapi mengine aliyoyapitisha kwa jibu hilo. Wanasema majuto ni mjukuu. Fundi hana mjukuu, ila majuto yalihamia kwake na virago vyake vyote.

Alhamisi mchana mkojo ulikuwa bado haujatoka hata tone. Daktari alimwuliza kama wampumzishe, naye aliitikia kwa kichwa. Alimshika Mkwe kichwa wakati wa sindano.

Walimzika nyuma ya kibanda, yeye na fundi saa, kwa koleo moja.

"Binti yako mwambie uzee," fundi saa alisema, akikung'uta udongo. "Paka alikuwa mzee. Si uongo."

Fundi aliingia ndani, akampigia binti simu.

"Mkwe amekufa."

"Uzee, Baba?"

Neno alikuwa ameshaletewa mkononi. Kazi yake ilikuwa kulipokea tu.

"Ua la mama yako. Nililitoa chumbani nikaliweka sebuleni. Ni sumu kwa paka."

"Baba." Alimsikia akivuta pumzi. "Hukujua. Usijilaumu kwa kitu usichokijua."

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Mama yako. Aliniambia yote, nilikuwa napigilia misumari. Sikumsikiliza."

Fundi alingoja alaumiwe, alikuwa tayari.

"Mama akinipigia simu," binti alisema mwishowe, "nilikuwa naiweka mezani, yeye anaongea, mimi naendelea na kazi zangu. Naitikia tu, ee, ee."

"Alikuwa anakuambia nini?"

"Sikumbuki, Baba."